Kitabu cha FIBA na mpira uliorudi nyuma: kinamfaa refa kwa kiasi gani?

Kosa la kurudisha mpira nyuma, ambalo viwanjani wengi huliita bakikoti, lina tabia yake: jukwaa huliona kabla ya refa. Mpira ukivuka mstari wa kati kurudi ulikotoka, benchi zima limeshasimama. Mara nyingi wanadai kosa ambalo halipo. Na siku lililopo kweli hakuna anayelidai, kwa sababu limefanywa kimya kimya na kisigino cha mchezaji aliyekuwa akijigeuza kutafuta wa kumpa pasi.

Tunachopitia hapa ni nyaraka mbili ambazo FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, inazitoa bure: kitabu cha Kanuni Rasmi za Mpira wa Kikapu, toleo linalotumika tangu 1 Oktoba 2024, na mwenzake wa Ufafanuzi Rasmi, unaojulikana kwa kifupi OBRI. Hatuzipimi kwa kila kitu. Tunazipima kwa kazi moja tu: refa anayechezesha ligi ya mkoa, mashindano ya shule au bonanza la Jumamosi akizisoma leo usiku, kesho ataamua sawasawa mpira uliorudi nyuma? Kwa maoni yetu kitabu cha kanuni peke yake hakitoshi, ufafanuzi ndio wenye mali, na vyote viwili vinakaa kimya juu ya jambo linalowaangusha marefa wengi, yaani macho uyaweke wapi.

Kuzipata ni rahisi. Zote ni PDF, unazishusha kwenye simu kutoka tovuti ya FIBA na zinafunguka bila intaneti ukishazihifadhi. Lugha ni Kiingereza cha kisheria, na hapo ndipo kisiki cha kwanza kilipo: sentensi moja ya Kifungu cha 30 imebeba masharti yaliyofungamana, ukiruka neno moja umepotea njia. Jambo jingine la kuangalia ni tarehe ya ukurasa wa mbele. Kanuni zimekuwa zikitolewa upya kila baada ya miaka miwili (2018, 2020, 2022, 2024), na ufafanuzi unaweza kuguswa hata katikati ya muda huo. Nakala inayozunguka kwenye kundi la WhatsApp la marefa inaweza kuwa ya mwaka juzi, na marefa wawili wa mchezo mmoja wenye matoleo mawili ni balaa tupu.

Kifungu cha 30 chenyewe hakijazi ukurasa. Ukikikamua kinabaki na mambo matatu, na sharti yote matatu yatimie. Kwanza, timu iwe inamiliki mpira ulio hai katika nusu yake ya mbele, yaani ile yenye kikapu inachoshambulia. Pili, mchezaji wa timu hiyo awe wa mwisho kuugusa mpira ukiwa nusu ya mbele. Tatu, mchezaji wa timu hiyo hiyo awe wa kwanza kuugusa baada ya hapo, ama yeye akiwa na sehemu yoyote ya mwili inayogusa nusu ya nyuma, ama mpira wenyewe ukiwa umeshadunda nusu ya nyuma. Likikosekana moja, meza filimbi yako.

Neno linalobeba mzigo wote ni "kugusa". Mpira kuvuka mstari si kosa. Kosa linakamilika pale mchezaji wa timu iliyourudisha anapougusa. Refa anayepuliza mpira unapovuka anaiibia timu pinzani shambulio: mara kadhaa beki ndiye aliyekuwa anaukimbilia mpira huo, yuko peke yake, kikapu kiko wazi mbele yake, na filimbi imemsimamisha ili apewe mpira wa kurusha pembeni. Subiri. Mpira ukitoka nje bila mtu kuugusa, hilo ni kosa la mpira kutoka, na unarushwa karibu na pale ulipotokea, si kwenye mstari wa kati.

Kitabu kinastahili sifa katika vipimo. Uwanja ni mita 28 kwa 15, mistari ina upana wa sentimita 5, na mstari wa kati ni sehemu ya nusu ya nyuma. Nusu ya mbele ya timu inaishia kwenye ukingo wa ndani wa mstari huo, ule ulio karibu na kikapu inachoshambulia. Maana yake kwa timu zote mbili mstari ni mali ya nyuma. Ncha ya kiatu ikigusa rangi, mchezaji yuko nyuma. Kitabu kinachukulia kwamba mstari unaonekana. Kwenye viwanja vyetu vya zege, ambako mistari ya wavu, netiboli na mpira wa mikono imechorwa juu ya ile ya kikapu na jua limeila rangi, hilo halina uhakika. Kabla ya mchezo tembea mstari wa kati kutoka upande hadi upande. Ukikuta umefutika, chora ukingo wake kwa chaki au bandika utepe wa sentimita 5, na uwaonyeshe makapteni wote wawili mstari upi ndio unaohesabika.

Sasa tuingie kwenye utamu wa jambo, ambao kitabu cha kanuni kimeuficha na ufafanuzi umeuanika. Kuingia mbele ni kugumu, kurudi nyuma ni rahisi. Mchezaji anayedunda mpira kutoka nyuma hajahesabika kuwa mbele mpaka vitu vitatu viwe vimegusa nusu ya mbele kikamilifu: mguu wa kulia, mguu wa kushoto, na mpira. Lakini akishafika huko, kitu kimoja kinatosha kumrudisha: kisigino, mkono ulioegemea sakafu, au mpira wenyewe unaodunda juu ya mstari. Refa aliyeelewa tofauti hiyo ameshamaliza sehemu kubwa ya mabishano ya mstari wa kati.

Ufafanuzi unaitembeza hoja hii kwa mifano, na hapa ndipo unapolipa. (A ni timu yenye mpira, B ni wapinzani, na namba ni ya mchezaji.) A1 anadunda mpira kuelekea mbele, anasimama huku bado anadunda, mguu mmoja huku na mmoja kule. Halali. Miguu yote miwili iko mbele lakini mpira anaudunda upande wa nyuma. Halali. Katika hali hiyo ya pili anaghairi na kurudi nyuma na miguu yote. Bado halali. Sababu ni moja kwa zote tatu: vitu vitatu havijawahi kuwa mbele kwa pamoja. Jukwaa litalia, nawe hesabu ya sekunde 8, muda wa timu kuuvusha mpira kwenda mbele, inaendelea mkononi mwako kana kwamba hakuna kilichotokea. Vivyo hivyo A1 aliyetanua miguu juu ya mstari akipokea pasi kutoka kwa A2 aliye nyuma kisha akamrudishia: halali, na sekunde 8 zinaendelea.

Geuza upande wa pili. A1 ameshaingia mbele na vitu vyake vitatu, anaendelea kudunda, mpira unamgonga mguuni na kuviringika nyuma, A2 anauokota. Kosa. Hapa refa wageni huteleza kwa kuwa mchezaji "hakukusudia". Kifungu cha 30 hakiulizi nia. Au A1 na A2 wako mbele wote, karibu na mstari, A1 anampa A2 pasi ya kudunda, mpira unadunda upande wa nyuma kisha unafika mkononi mwa A2 ambaye hajasogea hata inchi. Kosa pia, kwani mpira umegusa nyuma kabla A2 hajaugusa. Huu ni mfano mzuri wa kuwapa marefa wanaoanza, maana karibu kila mmoja hutazama miguu ya A2, akiikuta mbele anaachia.

Linganisha na huu, ambao kwa macho ni ule ule. A1 na A2 wako nyuma wote, pasi ya kudunda kati yao inagusa nusu ya mbele kisha inafika kwa A2. Halali, kwa sababu hakuna mchezaji wa A aliyewahi kuumiliki mpira huko mbele. Ila mpira ulipogusa mbele, hesabu ya sekunde 8 imesimama, na A2 akiugusa nyuma inaanza mpya. Vivyo hivyo pasi ikimgonga refa aliyekanyaga nusu ya mbele na kurudi kwa mchezaji aliye nyuma: hakuna kosa, hesabu inaanza upya. Kumbuka kuwa saa ya sekunde 24, yaani saa ya mashuti inayoipimia timu muda wa kupiga, haijaguswa. Inaendelea kushuka. Maofisa wa meza wanaotunza saa wakiirudisha 24 kwa sababu wameona mkono wako umeanza upya, simamisha na urekebishe.

Nusu ya ubora wa ufafanuzi uko kwa mchezaji aliye hewani. Kanuni ya jumla ni kwamba aliye hewani anahesabiwa yuko pale alipokanyaga mwisho kabla ya kuruka. Halafu kuna msamaha: mchezaji aliyeruka kutoka nusu yake ya mbele, akiwa hewani akaipatia timu yake umiliki mpya, anaruhusiwa kutua nyuma na mpira. Mfano wake wa kawaida ni B1 anayenasa pasi ndefu ya A karibu na mstari wa kati. Akitua na miguu yote nyuma, halali. Akitua ametanua miguu juu ya mstari, halali, na kutoka hapo anaweza kudunda au kupasia nyuma. Msamaha huo unamfaa pia mchezaji anayedaka mpira wa juu wa kuanzia mchezo.

Mipaka ya msamaha ndiyo inayopuuzwa. B1 akinasa pasi hewani, na kabla hajatua akampasia B2 aliye nyuma, ni kosa. Msamaha ni wa kutua na mpira, si wa kuutuma. Na iwapo B1 hakuudaka bali aliuparaza tu kwa vidole, ukaenda nyuma na B2 akauchukua, hakuna kosa, kwa kuwa timu B ilikuwa haijaumiliki mpira. Kudaka na kuparaza vinatofautiana kwa kiasi cha kupepesa jicho, na uamuzi unageuka kabisa. Hakuna PDF itakayokufundisha kuona hilo. Tazama mikono: mpira umetulia mikononi, au umebadili njia tu?

Tena msamaha haumhusu mchezaji anayedaka pasi ya mwenzake. A1 yuko nyuma, anampa A2 pasi. A2 anaruka kutoka nusu ya mbele, anadaka, anatua amegusa mstari. Kosa: timu A ilishakuwa na umiliki, kwa hiyo hakuna umiliki mpya. Mtego mkubwa zaidi ni mpira wa kurusha kutoka pembeni. Kwa FIBA umiliki wa timu unaanza pale mrushaji anapokuwa na mpira. A1 anarusha kutoka nusu ya mbele, pasi imepanda juu, A2 anaruka kutoka nusu ya mbele kuidaka na kasi inamtupa nyuma. Marefa wengi hapa huukumbuka msamaha na kuachia. Ni kosa. Upekee uko kwa mpira wa kurusha unaofanyika kwenye mwendelezo wa mstari wa kati mkabala na meza, kama wa kuanza robo ya pili, ya tatu na ya nne: mrushaji anasimama mguu huku na mguu kule, naye anaweza kumpasia mtu yeyote, mahali popote uwanjani.

Kuhusu mabeki wanaougusa mpira, ufafanuzi uko wazi lakini mifano yake imetawanyika, inabidi uiunganishe mwenyewe. B1 akiupangua mpira wa A ulioko mbele ukaenda nyuma, A anaweza kuufuata. Wa mwisho kuugusa mbele ni B. Sekunde 8 mpya zinaanza A akiumiliki tena kule nyuma, saa ya mashuti inaendelea na ilichobakiza. Mpira ukimgusa B1 kisha ukamgusa A1 gotini kabla ya kuvuka, wa mwisho ni A1, na A2 akiuokota nyuma ni kosa. Mguso wa mkono wa beki na ule wa goti la mshambuliaji kwa kawaida hutokea ndani ya hatua moja, kwa hiyo usiache kutazama mpira eti kwa sababu umeshaona mkono wa beki. Na wakigusa A1 na B1 kwa wakati mmoja, mpira ukaenda nyuma na A2 akawa wa kwanza kuugusa, ufafanuzi unasema ni kosa la A. Walimu wa timu hulipinga hili kwa nguvu zote. Kuwa na ukurasa huo kwenye simu.

Kuna hali moja inayohitaji usome Kifungu cha 14 ndipo Kifungu cha 30 kieleweke, na kitabu kingefaa sana kama kingeweka kielekezo. Umiliki wa timu unaisha mpira unapoondoka mkononi kwa shuti. A3 amepiga, mpira umegonga rimu, katika kugombea ribaundi A4 anaupiga kofi na unaviringika mpaka nyuma ya mstari wa kati, A1 anauchukua. Si kosa. Hakuna aliyekuwa na umiliki wakati A4 anaugusa. Lakini A4 akiudaka kwa mikono miwili kwanza, kisha ukamponyoka ukaenda nyuma, ni kosa. Refa aliyesoma kifungu kimoja pekee atapuliza katika hali zote mbili, na katika moja atakuwa amekosea.

Tugeukie adhabu. Mpira unapewa wapinzani warushe katika nusu yao ya mbele, mahali palipo karibu na kosa, isipokuwa moja kwa moja nyuma ya ubao. Kifungu cha 30 kinaishia hapo, hakitaji saa. Kwa kuwa wapinzani wanapata mpira wa kurusha katika nusu yao ya mbele baada ya kosa, saa ya mashuti inawekwa 14, si 24. Hilo limo kwenye sehemu ya saa, kurasa nyingine kabisa. Kosa la sekunde 8 nalo lina matokeo hayo hayo. Kabla ya kumpa mrushaji mpira, tupia jicho saa: ikisoma 24, mezani kuna aliyesahau.

Kwa sekunde 8 zenyewe, Kifungu cha 28 kimeandikwa vizuri kuliko cha 30. FIBA ilizishusha kutoka 10 hadi 8 mwaka 2000, pamoja na kuleta sekunde 24 badala ya 30, na tangu hapo kifungu kimesuguliwa mpaka kikang'aa. Orodha ya lini hesabu inaendelea na lini inaanza upya inasomeka mara moja ikakaa kichwani. Mpira uliotoka nje kwa kupanguliwa na beki unaipa A muda uliobaki tu: kama zimetumika sekunde 5, zimebaki 3. Faulo ya B au beki kuupiga mpira teke kwa makusudi kunaleta 8 mpya. Penye saa ya mashuti inayoonekana, hesabu zake ni nyepesi. Mpira ukianza na 24, saa ikionyesha 15, sekunde 8 zimekwisha kwa saa ya aina yoyote. Ikionyesha 16 inategemea saa inavyokata sehemu za sekunde, kwa hiyo usikimbilie. Kama saa ilianza na 19, toa 8 kutoka hapo, usikariri 15. Pasipo saa, mkono wako ndio saa: punga kiganja kwa mwendo mmoja, na uujaribu nyumbani dhidi ya saa ya simu. Wengi hukimbia mpira ukikabwa, kwani moyo unaenda mbio na mkono unaufuata.

Mpaka hapa unaweza kudhani nyaraka hizi zinakupa kila kitu. Upungufu wake unaonekana ukishasimama uwanjani. Mifano yote imeandikwa kana kwamba refa ana kamera juu ya mstari: "A1 ametanua miguu", "B1 anatua na mguu wa kushoto". Nani aliona, kutoka wapi? Hawasemi, kwa sababu mambo ya kusimama yako katika miongozo mingine ya uchezeshaji. Kwa anayesoma hizi mbili tu, hili ni pengo kubwa.

Kwa marefa wawili, mstari wa kati na hesabu ya sekunde 8 ni kazi ya refa wa nyuma, yule anayeufuata mpira kwa nyuma. Kosa lake la kawaida ni umbali. Mashambulizi yakianza polepole anabaki mita sita au saba nyuma ya mpira, na kutoka hapo mstari ni utepe mwembamba uliofichwa na mgongo wa mchezaji. Mpira unapokaribia mstari anatakiwa awe amesogea, aangalie kwa kufuata urefu wa mstari na si kwa kuukata mbele, ili nafasi kati ya kiatu na rangi ionekane. Mpira ukiwa upande wa mbali asing'ang'anie ukingo wake wa uwanja. Aingie ndani hatua kadhaa, atarudi baadaye. Katika kukabwa uwanja mzima asitangulie mbele kwa hofu ya pasi ndefu, hilo mwenzake wa mbele analo. Marefa watatu wakiwepo, refa wa kati anasaidia upande wake, na mkubaliane kabla ya mchezo: mpira ukikabwa na wawili kwenye mstari upande wa refa wa kati, filimbi ya miguu ni ya nani?

Macho nayo yana mpangilio, ambao hatukuukuta kwenye waraka wowote kati ya hizi mbili. Mpira unapokuwa karibu na mstari, jiulize mapema na ujibu kichwani: timu hii imeshaingia mbele kikamilifu au bado? Jibu likiwa "bado", puuza kelele zote. Likiwa "ndiyo", tia alama kila anayeugusa mpira: A, B, A. Ukivuka, hamisha macho kutoka kwa aliyeugusa mwisho kwenda kwa anayeukimbilia. Akiugusa wa A na alama yako ya mwisho ni A, puliza. Marefa wanaoanza hufanya kinyume, wanaanza kufikiri mpira ukishavuka, na wakati huo wa mwisho kuugusa ameshasahaulika. Ukipuliza: kiganja kilichokunjuliwa juu kusimamisha saa, kisha mkono unapungwa mbele ya mwili kuonyesha mpira umerudi nyuma, kisha onyesha upande wa shambulio. Kwa sekunde 8 ni vidole vinane. Ishara isiyoeleweka hapa inauma kuliko kwenye kosa jingine, kwani benchi haitajua kama umeadhibu muda au mstari, na itakuja kuuliza.

Neno kwa waliojifunza mchezo kupitia video za Marekani. Vitabu vya kule havibadilishani na hiki. Shule za sekondari zinazofuata kanuni za NFHS na vyuo vya NCAA hutumia sekunde 10. NBA wanatumia 8 tangu msimu wa 2001-02, lakini wana masharti yao kuhusu mpira wa kurusha. NFHS pia waliongeza msamaha msimu wa 2017-18 kuhusu mpira uliopanguliwa na beki na kudakwa kabla haujadunda nyuma. Kwa FIBA msamaha huo hauhitajiki, maana beki ndiye wa mwisho kuugusa mbele na mambo yanaishia hapo. Video nzuri ya refa wa Marekani ikieleza "kosa" hilo la zamani itakupotosha vizuri tu. Ligi za nchi zilizo chini ya FIBA, pamoja na Basketball Africa League iliyoanza Kigali mwaka 2021, zinachezwa kwa kitabu hiki tunachokipitia. Na wanaotoka 3x3, mchezo wa watatu kwa watatu kwenye nusu uwanja, wajue kwamba kule hakuna kabisa mstari wa kati wa kuulinda, kwa hiyo jicho lao halijazoea.

Kwa kazi hii moja, kitabu cha kanuni tunakipa tatu kwa tano: sahihi, lakini kimebana na kinaruka kutoka kifungu hadi kifungu bila kukushika mkono. Ufafanuzi tunaupa nne na nusu. Nusu iliyokatwa ni ya kukosa hata mchoro mmoja wa uwanja kwenye kifungu ambacho chote ni habari ya mstari. Usichape nyaraka nzima. Chapa Kifungu cha 14, 28 na 30 cha kanuni, ongeza sehemu za 28 na 30 za ufafanuzi, zibane pamoja, na karibu na kila mfano chora kwa penseli mstari wa kati, miguu miwili na mpira. Penye "halali" andika pembeni kama sekunde 8 zinaendelea au zinaanza upya, kwa sababu hilo ndilo utakaloulizwa na meza kabla kocha hajafika.